Jina Lililozikwa Uvira

Jumapili hiyo jioni Emérence alipanda tramu na sufuria ya sombe mapajani, imefungwa kwa kitenge. Ilikuwa bado imejaa.

Aliyapika majani hayo ya muhogo kwa ajili ya chakula cha pamoja baada ya ibada. Vyakula vya wengine vilikwisha vyote. Sombe yake haikuguswa. Si kwamba hajui kupika. Nusu ya waumini wa kanisa lao, Wakongomani wanaokodi ukumbi pale Croydon, London, walitoka Uvira, na Uvira walimjua alipokuwa mufumu, mpiga ramli aliyerithi kazi ya bibi yake. Mizimu ilimpa jina: Nambuza. Jina hilo alilizika siku aliyobatizwa. Miaka mingi sasa alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza majumbani mwao, wala hakukosa ibada. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele. Lakini wahenga hawakuwahi kusali na majirani wa zamani.

Nje giza lilishaingia, kama kawaida ya majira ya baridi. Mtu akaja kuketi kando yake.

Alikuwa Philippe, mzee wa kanisa, ambaye tangu wakutane London hajawahi kumpa mkono. Hakumgeukia. Alitazama mbele, akanong'ona.

"Nambuza."

Emérence aliikumbatia sufuria.

"Huyo alikufa, Papa Philippe."

"Faida, mke wangu, hapati usingizi. Hali chakula. Hospitali wamempima kila kitu, hawaoni ugonjwa."

"Mwite mchungaji."

"Alikuja. Faida akamcheka. Kisha akasema... mleteni yule anayenijua."

Emérence alitamani kushuka kituo kilichofuata. Huyu ndiye aliyewakataza watu chakula chake, alilijua hilo. Lakini Faida, mkewe, ndiye pekee kanisani aliyewahi kumwita yaya, dada mkubwa, bila kuona haya.

"Nitakuja kuomba," alisema. "Kingine sifanyi."

Philippe akabonyeza kitufe cha kushuka.

Walipanda lifti hadi ghorofa ya juu alikoishi Philippe. Aliyefungua mlango ni Armelle, binti yao, mwanafunzi wa chuo, macho yamevimba kwa kulia.

"Anti, karibu. Mama yuko chumbani."

Harufu ndiyo iliyomlaki kwanza. Tumbaku mbichi... ngozi ya mbuzi iliyolowa... udongo wa kibandani. Emérence alisimama ukumbini, sufuria mkononi, akashindwa kuinua mguu. Ilikuwa harufu ya kibanda cha ramli cha bibi yake.

Chumbani Philippe alikuwa ameshaandaa kila kitu sakafuni: kitambaa chekundu, unga mweupe, bakuli la maji.

"Ondoa hivi vitu."

"Fanya unavyojua, mama. Hakuna atakayesema."

"Ninavyojua sasa ni kupiga magoti. Viondoe."

Hakuviondoa.

Faida alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani. Kucha zake zilikuwa zikigonga hita. Ko... ko-ko... ko. Emérence aliyatambua mapigo yale. Ndivyo bibi yake alivyokuwa akipiga ngoma ndogo ya kuita mizimu. Na Faida, mtoto wa Bukavu, si wa Uvira, hajawahi hata kukisogelea kibanda kile.

"Umechelewa," alisema Faida.

Ilikuwa sauti ya kikongwe.

"Tumekungoja sana. Huku kwenu baridi."

Maji ya bakuli yakatikisika. Hakuna aliyeligusa.

Emérence alipiga magoti. Na hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa kuwa hakuogopa kile kilichokaa kitandani. Alijiogopa mwenyewe. Maneno ya zamani yalikuwa pale pale chini ya ulimi, mepesi kama jina la mtoto wake. Alijua ayaseme vipi na achovye kidole kipi, na Faida angepona papo hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kulielekea bakuli. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto, akaubana kifuani, akafumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni..."

Taa ikazimika.

Aliendelea. Pumzi ya tumbaku ikapita shavuni mwake, taratibu, kama mtu anayemnusa. Mapigo ya kucha yakaongeza kasi. Ko-ko-ko-ko... Aliinua sauti hadi koo likawasha. Alipofika "utuokoe na yule mwovu", kitu kizito kikamwegemea mgongoni.

"Amina."

Kucha zikaacha kugonga.

Taa iliporudi, Faida alikuwa amelala ubavu, akikoroma polepole. Harufu ilikuwa imekwisha. Bakuli lilikuwa kavu.

Philippe alimsindikiza hadi kwenye lifti. Kwa mara ya kwanza alimpa mkono, tena mikono yote miwili.

"Aksanti, Nambuza."

"Mimi ni Emérence. Nimeomba kwa Mungu, umesikia mwenyewe."

Philippe alitikisa kichwa. "Mungu sikumsikia akitajwa. Ulisema kwa lugha ya bibi yako, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama zamani."

"Papa, si kweli," alisema Armelle kutoka mlangoni. "Anti alisali Baba Yetu. Mimi nilisikia kila neno."

Baba na binti wakatazamana. Emérence akaingia kwenye lifti.

Faida alipona. Alirudi kazini, alirudi kanisani, na Jumapili moja akaja kuketi karibu na Emérence, wakala sahani moja mbele ya watu wote. Hapo ndipo Emérence alipopata ujasiri wa kumuuliza.

"Yaya, sikumbuki mengi," alisema Faida kwa sauti ya chini. "Nilikuwa mahali penye giza. Nikasikia wanawake wawili wakisema kwa pamoja, mmoja Kiswahili, mwingine sijui lugha gani. Wote walikuwa na sauti yako."

"Ni yupi aliyekutoa?"

"Sijui. Walinyamaza pamoja."

Tangu siku hiyo watu wa Uvira humpigia simu Emérence kwa siri, wakiomba aje. Wengine humwita mama mwombaji. Wengine, wakishusha sauti, humwita kwa lile jina jingine. Yeye huenda kwa wote, na hupiga magoti vilevile. Lakini kila akisema amina hufunga mdomo na kuzuia pumzi, akisikiliza kama kuna mwingine anayeendelea kwa sauti yake.