Siku Sungura wa Zablon Alipoacha Kula

Kila asubuhi kule Mbwawa, Kibaha, Mzee Zablon alikuwa akinywa chai na sungura wake. Sitanii. Alikaa barazani, sungura mapajani, andazi mkononi. Alimega kipande chake, akamega na cha sungura. Watu waliokuwa wakiwahi magari ya kwenda kazini Dar waliwasalimu wote wawili.

Zablon alikuwa dereva wa serikali kwa miaka thelathini. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyezoea kupiga soga kutoka Kibaha hadi Dodoma, sasa neno moja lilimchukua muda kulipata. Watu walimhurumia, wakawa wanamalizia maneno yake kabla hajayatoa. Basi naye akaona afadhali anyamaze.

Dada yake, Elinipa, anafanya kazi katika ofisi ya mifugo Kisarawe. Ndiye aliyemleta sungura huyo, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni. Alisema amtunzie wiki moja tu, mpaka banda lake litengenezwe. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Laurentia, mke wa Zablon, akampa sungura jina la Shemeji. Alisema amekuja kama mashemeji wengine wanavyokuja, kwa wiki moja, na kuondoka hataki.

Lakini sungura hana haraka na mtu, wala hamalizii mtu neno. Zablon alianza kumnong'oneza neno moja, kesho yake mawili, mwisho sentensi nzima. Laurentia alikuwa akimsikia akiwa jikoni, na machozi yalimlengalenga. Alimpenda sana sungura yule. Ila hakumwambia mtu. Majirani zake wote wanafuga sungura wa kula na kuuza. Mama mtu mzima aseme anampenda sungura? Wangemcheka mwaka mzima.

Basi Jumanne moja Shemeji alikataa andazi. Zablon alimpa majani ya matembele, sungura akageuza uso. Alijikunyata kwenye kona huku akisaga meno. Laurentia alipofagia banda hakuona kinyesi hata punje moja. Zablon naye hakugusa chai yake, na asubuhi ile hakusema neno lolote. Hilo ndilo lililomtisha Laurentia kuliko yote. Alimwona mumewe akirudi kule kwenye ukimya, na safari hii labda asitoke tena.

Alimweka sungura kwenye kapu akampeleka kwa daktari wa mifugo, Kibaha mjini. Daktari Hashiru ni kijana mwenye adabu na anaijua kazi yake. Lakini siku hiyo watu walikuwa wamejaa, wengi wao wafugaji wa kuku. Alimpapasa Shemeji tumbo akiwa amesimama, huku akimwelekeza mtu mwingine dawa ya mdondo wa kuku iko rafu gani.

Alimuuliza Laurentia anao sungura wangapi. Laurentia aliwatazama kina mama waliokuwa nyuma yake, akaona haya. Akasema alikuwa nao wengi, wa biashara, wengine ameshauza. Daktari akauliza huyu anakula nini. Laurentia akajibu majani tu. Habari ya andazi akaimeza.

Daktari akasema utumbo wa sungura umepunguza kazi. Akampa chupa mbili ndogo, zote nyeupe, zinafanana. Akasema hii mara mbili, hii mara tatu, kiasi fulani na kiasi fulani. Habari ya chakula aliisema akiwa amegeuka kumjibu mtu wa kuku.

"Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, daktari."

Walielewana nini? Hakuna. Lakini ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Msomi akisema, unaitikia. Tunadhani kumwambia daktari "sijaelewa" ni kumkosea heshima, au ni kujitangaza kuwa wajinga. Basi tunatikisa kichwa, tunashukuru, tunaondoka. Tukifika nyumbani tunaanza kukisia.

Laurentia naye alikisia. Alizishika zile chupa mbili, akazigeuza huku na huku, akachagua moja iwe ya mara mbili. Kuhusu chakula, alifuata alichofundishwa na mama yake kule Dutumi: tumbo likivurugika, lipumzishwe. Ndivyo alivyowatunza watoto wake wote. Akaondoa kila jani bandani, akamwachia Shemeji maji peke yake. Zablon alipotaka kumpa jani, Laurentia aliushika mkono wake kwa upole, akamwambia amwache mgonjwa apumzike. Masikini, kwa mapenzi yote alikuwa anamnyima Shemeji kitu kile kile alichokihitaji.

Jumatano asubuhi masikio ya Shemeji yalikuwa ya baridi, na kichwa amekilaza chini. Laurentia alimpigia simu Elinipa, akamweleza.

"Tangu jana amekula nini?" Elinipa aliuliza.

"Hajala. Nimempumzisha tumbo."

Elinipa alivuta pumzi. "Wifi yangu, sungura hafungi. Sisi tukikosa kula siku moja tunalalamika tu. Yeye utumbo wake lazima uende muda wote. Ukisimama, anakufa. Daktari alikwambiaje kuhusu chakula?"

Laurentia alikiri kwamba hakusikia vizuri. Elinipa akamuuliza kama alimweleza daktari habari ya maandazi. Laurentia akasema hapana, alimwambia ni majani tu.

Elinipa hakumgombeza. Alisema kosa hilo analiona Kisarawe kila wiki, na si la wafugaji peke yao, hata wao wataalamu wanakosea. Wanasema harakaharaka, wanauliza "umeelewa?", wanaitikiwa "ndiyo", kila mtu anaenda zake.

"Mimi siwezi kumtibu kwa simu, sijamgusa," alisema. "Rudi kwa daktari sasa hivi. Mwambie ukweli wote, hata ule wa aibu. Daktari hapigi ramli. Akimaliza kueleza, usiondoke. Mwambie wewe kwa maneno yako utafanya nini nyumbani, la kwanza mpaka la mwisho. Ukikosea, atakurekebisha hapo hapo. Halafu mwombe aandike."

Laurentia alipokata simu, alimkuta Zablon amesimama mlangoni amevaa kofia. Tangu augue hakuwa ametia mguu mjini, isipokuwa hospitali. Laurentia aliita bajaji, wakapanda watatu, Shemeji ndani ya kapu.

Kwa daktari watu walikuwa wengi kama jana. Laurentia alifungua kapu, akamweleza Hashiru kwamba hali imezidi. Akataka kusema ukweli. Lakini macho ya watu yalimshinda, akajikuta anaanza tena yale yale, kwamba huyu ni wa biashara.

Zablon akainua mkono wake wa kushoto. Mdomo wake ukawa unatafuta neno. Mtu mmoja mwenye kuku alitaka kumsaidia, lakini Hashiru alimwashiria asubiri. Wote wakasubiri.

"Si wa biashara," Zablon alisema. Akapumzika. "Ni... mwenzangu. Mimi ndiye... ninayempa maandazi."

Hakuna aliyecheka. Hashiru aliweka kalamu chini, akavuta benchi, akawakalisha. Yeye mwenyewe akaketi mbele yao.

"Nisameheni wazee wangu," alisema. "Jana nilidhani ni mfugo wa kuuza, nikaeleza kwa mkato. Na sikumsubiri mama aniulize. Tuanze upya."

Sasa Laurentia alisema yote. Alisema habari ya andazi la kila asubuhi, ya chupa alizozikisia, na ya kumnyima chakula. Aibu ilimchoma, lakini kila alichosema, daktari alikiandika na kushukuru. Kisha akampima Shemeji taratibu. Akalibonyeza tumbo, akaangalia meno, akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi. Akawaambia tumbo bado ni laini, halijavimba. Kwa hiyo matumaini yapo, lakini wasichelewe.

Akaeleza jambo moja moja. Sungura ni mla majani. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe majani makavu, yawepo muda wote, na mengine mabichi yaliyooshwa. Andazi, mkate, ugali na biskuti huvuruga utumbo wake. Kwa siku hizi mbili, alishwe uji wa unga wa majani makavu kwa bomba dogo la sindano, lisilo na sindano yenyewe. Bomba lipite pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ili asipaliwe. Tumbo nalo walichunge lisivimbe. Chupa moja ni ya maumivu, mara mbili kwa siku. Nyingine ni ya kuamsha utumbo, mara tatu. Akazibandika karatasi, moja akaichora mistari miwili, nyingine mitatu.

Laurentia alikohoa kidogo. "Daktari, usiondoke kwanza. Nikwambie nilivyoelewa."

Akaanza. Dawa zote mbili akazipatia. Uji akaupatia, na bomba la pembeni akalipatia. Mwisho akasema, "Na tumbo likianza kuvimba, nimzidishie uji ili lisukume."

Hashiru alishtuka. "Hapana, mama! Hapo ungemuua. Tumbo likivimba na kuwa gumu, acha kumlisha mara moja, mlete hapa. Na kama kesho mchana bado hajapata choo, mlete pia." Akatikisa kichwa. "Usingeniambia, nisingejua kuwa hukunielewa hapo."

Laurentia akarudia tena, na safari hii alipatia mpaka mwisho. Daktari aliandika yote kwa herufi kubwa, akaweka na namba yake ya simu.

Kazi ilianza. Zablon alimshika Shemeji kwa mkono wake mzima, ndani ya kanga, na Laurentia akasukuma bomba. Uji mwingine uliingia mdomoni, mwingine uliingia kwenye mikono ya Laurentia. Walifuata karatasi kama ilivyoandikwa. Wakimaliza kumlisha, Zablon alimpapasa mgongo na kumsemesha. Alimwambia ale. Alimwambia nyumba hii bila yeye haina raha. Laurentia alisikia, akageuka kuosha bomba ambalo alikuwa ameshaliosha.

Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, Laurentia akiwa anaanua nguo, alisikia akiitwa. Alikimbia bandani. Zablon alikuwa amepiga magoti, kidole kinaelekeza sakafuni.

"Mama Blessing," alimwambia mkewe. "Amepata choo. Punje... kumi na mbili. Nimehesabu."

Ungewaona watu wazima wawili wanavyokishangilia kinyesi cha sungura, ungedhani wamepata mjukuu. Laurentia alimpigia daktari simu palepale. Hashiru aliuliza punje ni kubwa au ndogo, kavu au laini. Akawaambia waendelee na dawa mpaka siku aliyoandika, hata kama mgonjwa ataonekana amepona.

Jumamosi Shemeji alitafuna majani makavu mwenyewe. Zablon sasa anakula andazi lake akiwa amempa sungura mgongo, kwa sababu macho ya Shemeji yanamtia huruma na yeye hayawezi. Laurentia naye, jirani akimuuliza huyo mtamchinja lini, anajibu wazi kwamba huyo hachinjwi, wanampenda. Wengine wanacheka. Anawaacha wacheke.

Na pale kwa Hashiru mambo yamebadilika. Benchi halikurudishwa nyuma, limebaki mbele ya meza yake. Mwenye kuku, mwenye mbuzi, mwenye mbwa, wote anawauliza kwanza huyo mnyama ni wa nini na anaishi vipi nao. Na haulizi tena "umeelewa?" Anasema, "Niambie ukifika nyumbani utafanyaje." Foleni inakwenda polepole kidogo, lakini watu wanaorudi na wanyama waliozidiwa wamepungua.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Zablon kwenda hospitali kwa ajili ya presha. Daktari wa zamu alimpima, akaandika dawa, akasema waendelee kama kawaida. Zamani Laurentia angeshukuru na kuondoka. Siku hiyo hakuinuka kwenye kiti.

"Samahani, daktari. Ngoja nikwambie ninavyompa. Hiki kidonge kidogo, nampa siku ile kichwa kinapomuuma. Kisipouma, tunakitunza."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye makaratasi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu alipougua."

Daktari alisogeza kiti. Akaeleza taratibu kwamba presha haipigi hodi. Kidonge kile ni cha kila siku, aumwe kichwa asiumwe. Ndicho kinachomkinga na kiharusi kingine. Laurentia alihesabu miezi yote ile kichwani, akamshika mumewe mkono. Kisha akarudia maneno ya daktari, neno kwa neno, na daktari akaandika kwa herufi kubwa.

"Mama, umefanya jambo kubwa leo," daktari alisema. "Wagonjwa wangu wengi hawaniambii hivi. Nani alikufundisha?"

Laurentia alifungua mdomo kujibu, lakini Zablon alikuwa ameshainua mkono wake wa kushoto. Neno lilichelewa kidogo. Daktari alisubiri, na Laurentia alisubiri.

"Sungura," alisema Zablon.