Harusi ya Sukari na Karanga

"Dada, hapa tuna chakula cha kuku, cha ng'ombe na cha mbuzi. Panya tunawauzia sumu."

Duka zima lilicheka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ukunda imefurika watu, na mbele ya kaunta ya Charo walikuwa wamesongamana wafugaji wa kila aina, pamoja na mzee mmoja aliyekuja na jogoo mgonjwa kwapani. Mwanaima aliuvuta mtandio wake wa zambarau akajifanya hakukisikia kicheko. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, vidole vyake vina madoa ya hina yasiyotoka maana kazi yake ilikuwa kuwapamba maharusi, na hakupenda hata kidogo kuchekwa na watu wanaonuka pumba.

"Si panya wa darini," alisema. "Ni panya wa kizungu, hamsta. Nimeachiwa na familia moja ya Diani iliyorudi kwao."

"Panya ni panya," Charo alijibu. "Sumu ni ile ile."

"Mpimie mbegu za alizeti," sauti ilisema nyuma ya Mwanaima. "Lakini zisiwe nyingi, dada. Wangu nilimlisha alizeti wiki nzima, akawa hapiti mlangoni kwake."

Mwanaima aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, amevaa shati la kazi la buluu lenye alama ya grisi kifuani, bisbisi imechomoza mfukoni, na usoni ana tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Kumbe nawe unaye?"

"Ninaye. Dume, anaitwa Karanga."

"Wangu jike. Sukari."

Mzee wa jogoo aliguna. "Haya basi, semeni posa lini, tujue."

Posa ilikuwa mbali bado, lakini namba za simu zilipeanwa pale pale, kwa kisingizio cha maranda. Kijana yule, Alamin kwa jina, alimjua seremala anayegawa maranda bure, nayo maranda hufaa sana kutandika tundu la hamsta. Mwenyewe alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi katika mahoteli ya Diani, na jioni hurudi Msambweni kwa mama yake. Maranda aliyaleta siku hiyo hiyo. Kesho yake akaleta mengine, ilhali Sukari hata yale ya kwanza hakuwa ameyachafua. Mwenye macho haambiwi alilofuata.

"Sukari hajambo?" alikuwa akiuliza simuni.

"Hajambo, amelala."

"Na mwenye Sukari?"

"Mwenye Sukari ana mguu wa bibi harusi mkononi, atakupigia."

"Mwambie mwenye Karanga hana subira."

"Wee fundi! Utanifanya nichore mkia wa panya kwenye mguu wa mtoto wa watu."

Miezi mitano walikwenda hivyo, na Mwanaima alimpenda Alamin, alimpenda sana, wala hilo hakuificha nafsi yake. Lakini hakutulia. Kila Alamin alipogusia ndoa, yeye aliinuka kuteleka chai, hata kama vikombe vilikuwa vimejaa. Sababu anaijua yeye peke yake. Alipokuwa na miaka ishirini na minne aliolewa katika kijiji cha Bodo, akaingizwa katika nyumba ya mama mkwe na mawifi watatu. "Mtazoeana tu," kila mtu alimwambia. Miaka miwili aliishi akioneshwa pa kuweka mwiko na pa kuanika nguo, akiulizwa chumvi imekwenda wapi, mpaka siku alipotoka na begi moja. Tangu hapo alipanga vyumba viwili Ukunda, akanunua kila kijiko kilichomo, na kujiapiza kwamba hataingia tena katika nyumba yenye mwenyewe. Alamin alijua tu kwamba yeye na yule mume wa Bodo hawakuelewana. Hayo mengine hakuambiwa.

Wazo la harusi ya hamsta lilikuwa la Alamin. "Tuwaoze hawa kwanza, kipenzi," alisema. "Wao hawana maneno mengi kama wewe."

Na hapo ndipo walipokosea, wakakosea kipwani hasa. Mtu wa kwingine angeuliza wajuzi. Wao waliifuata desturi: bwana harusi huingia kwa bibi harusi, akafungiwa naye siku saba za fungate, watu wakawapelekea vyakula mlangoni. Kwa hiyo Karanga ndiye aliyestahili kwenda kwa Sukari. Sukari hakuna aliyemuuliza.

Jumapili ya harusi Mwanaima alivaa dera jeupe lenye maua ya samawati, akafukiza udi, akatia asumini nyweleni na nyingine juu ya tundu. Eunice, jirani yake kutoka bara aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli moja, alikuja na simu yake kupiga video. Alamin alifika na kanzu iliyopigwa pasi, amembeba Karanga ndani ya kisanduku cha viatu.

"Bwana harusi amekuja," alitangaza. "Mnampokea au arudi?"

"Kwanza atoe ada ya mlango," Mwanaima alimtania.

"Ametoa moyo wake wote."

"Woi, nyinyi wawili mtanimaliza," Eunice alisema.

Mwanaima alifungua kimlango, Alamin akamtia Karanga ndani, na wote watatu wakainama kutazama. Sukari alitoka kwenye shimo lake la maranda. Alimnusa mgeni mara moja, mara mbili. Kisha akamrukia. Wakawa mpira mmoja wa manyoya unaobingirika na kulia kwa sauti nyembamba iliyowasimamisha watu nywele. Alamin alitia mkono, akaumwa kidole hadi damu, lakini akamtoa Karanga na sikio lililochanika.

"Huyu wako ana roho mbaya!" alisema akikifunga kidole kwa leso. "Hataki mtu aingie kwake."

"Ndiyo, ni kwake," Mwanaima alijibu.

"Hapa padogo, basi, ndiyo sababu. Tuwapeleke Msambweni. Mama amekipaka rangi kile chumba cha nyuma, anasema ni chako tukioana. Hawa watazoeana tu, na wewe na mama mtazoeana tu."

Eunice alizima simu. Maneno yale yale Mwanaima aliambiwa Bodo.

"Nani aliyesema mimi nitakaa Msambweni?"

"Mama. Nami sikumkatalia. Mke hukaa wapi kama si kwa mumewe?"

"Mchukue mgonjwa wako uende, Alamin."

"Mwanaima, si panya tu hawa?"

"Nenda."

Alikwenda. Jioni hiyo simu ililia mara tisa, Mwanaima akaigeuza kifudifudi. Siku ya pili ulikuja ujumbe: *Karanga anakula. Sikio linapona. Mimi siponi.* Aliusoma, akaufunga, akaufungua tena. Wiki tatu zikapita na hakujibu, wala hakukaa kitako. Alihamisha kitanda ukuta huu hadi ule, akakirudisha. Alifua mapazia masafi. Bibi harusi mmoja alimchora ua la petali sita mguu wa kulia na la petali tano mguu wa kushoto, ikabidi amwombe radhi na kumchora upya.

"Aki Mwanaima, si umcall tu?" Eunice alimwambia. "Unazunguka hii nyumba kushinda hako kapanya kako."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie unam-miss. Ama huna hiyo bundle?"

Mwanaima alicheka, kisha akalia, na Eunice akamwacha alie.

Siku moja alikuja kupakwa hina Judy, daktari wa wanyama aliyealikwa harusi ya rafiki yake Kinondo. Alikaa mkekani mikono amenyoosha, macho yakaangukia kwenye tundu.

"Mzuri! Anaishi peke yake, sivyo?"

"Tulimletea mume, akamrarua."

Judy aliacha kutabasamu. "Mlimwingiza kwenye tundu lake huyu?"

"Tuliona ndiyo desturi, daktari."

"Kwa watu, sawa. Ila aina hii wakishakomaa hawakai wawili, na jike ndani mwake ndiye mkali zaidi. Mngechelewa kumtoa mmoja angekufa."

"Hata tungewazoesha polepole?"

"Hata hivyo. Wangekuwa paka ningekwambia wabadilishane matandiko, wanusane kupitia mlango wiki mbili tatu, kisha waonane. Hawa hapana. Kila mmoja apewe tundu lake, na wote wawili wataishi raha mustarehe."

"Kwa hiyo Sukari hana kosa."

"Hana, na dume naye hana. Nyinyi ndio hamkuuliza."

Koni ya hina ilisimama mkononi mwa Mwanaima. Alikuwa na hasira na Alamin wiki tatu nzima kwa kuvunja sharti, na sharti lenyewe hakuwahi kulitamka. Alitaka ayajue mambo ya Bodo bila ya kuambiwa. Aliona haya, akamaliza kuchora, na baada ya kumsindikiza Judy alivaa buibui lake na kuita bodaboda ya Msambweni, kwa kuwa alijua akilala juu ya jambo hili atapata sababu ya kutokwenda.

Bi Hafsa, mama yake Alamin, alikuwa barazani akichambua mchicha. Alamin alikuwa kando yake, amefungua feni vipande vipande. Alipomwona Mwanaima bisbisi ilimponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alimtazama toka juu hadi chini. "Wewe ndiye wa chumba?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kusema sitaweza kukaa ndani yake."

Hakungoja kukaribishwa kiti. Akiwa wima aliyasema yote ya Bodo, mwiko, kamba ya nguo, chumvi, begi moja. "Nampenda mwanao," alimaliza. "Nataka anioe. Lakini nitakaa nyumbani kwangu Ukunda, aje yeye."

"Chumba nimekipaka kwa mkono wangu," Bi Hafsa alisema taratibu. "Nilipanda juu ya meza na goti hili bovu. Huyu nimemzaa peke yake. Akija kwako, mimi nitakula na nani?"

Swali hilo Mwanaima hakulitazamia. "Sijui, mama," alisema. "Ijumaa tutakuja. Ukiumwa nitakuja nikae mpaka upone. Lakini nikilala hapa kila siku nitakuchukia, nawe utanichukia, na sitaki kukuchukia."

Bi Hafsa alimgeukia mwanawe. "Na wewe bubu?"

Alamin alisimama, mikono imejaa grisi. "Niliogopa kukukatalia, mama. Nikaona bora nimuamulie yeye, maana alikuwa hajasema lolote. Nimewakosea nyote." Kisha akamtazama Mwanaima. "Sikujua ya Bodo, wallahi sikujua. Na ningekuuliza ningejua. Nataka kukuoa, roho yangu, na nitakaa utakapokaa."

Mama aliinuka akaingia ndani. Walimsikia akifungua kile chumba cha nyuma. Mwanaima alitamani kukimbia. Alamin alimshika mkono, akampaka grisi juu ya hina, na wala hakuna aliyejali.

Bi Hafsa alitoka amevaa buibui, macho mekundu.

"Mimi niliingia nyumba hii nina miaka kumi na saba," alisema. "Sufuria yangu mwenyewe niliipata mama mkwe alipofariki. Miaka ishirini na miwili, Mwanaima, na sikumwambia mtu. Nilidhani ndivyo inavyokuwa." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alamin, osha hiyo mikono. Kamwite mjomba wako Shutu avae kanzu. Kwa babako ni wapi, mwanangu?"

"Mkongani, mama."

"Tunakwenda Mkongani kuposa."

Alamin alikuwa ameshatoka mbio, kiatu kimoja tu mguuni.

"Leo hii, mama?" Mwanaima aliuliza.

"Leo hii. Nikingoja kesho nitakiona tena kile chumba, nikatae."