Katune Azuia Maziwa

Kila jioni huko Kalimoni, Mwongeli humwacha ndama anyonye kidogo, humnawisha ng'ombe wao Katune chuchu kwa maji ya vuguvugu, kisha humkamua. Jioni hiyo ya mwaka wa 1954 hakufanya hata moja. Alichutama, akavuta chuchu za ng'ombe kana kwamba anang'oa magugu.

Alikuwa na hasira, na haki ya kuwa nayo alikuwa nayo. Asubuhi Bedan, kiranja wa darasa, alivunja mtungi wa shule akicheza, kisha akasema bila haya kwamba ni Mwongeli. Mwongeli akalipuka. Alimwita Bedan mwongo, fisi, takataka, na Mwalimu Gichuru alipomkanya, akamwambia naye ni kipofu.

"Nenda nyumbani!" mwalimu alinguruma. "Usiponieleza kesho ulivyouvunja, mtihani wa darasa la nne utausikia kwa wenzako."

Sasa hapo zizini Katune alirusha teke. Kibuyu kikaanguka, na maziwa kidogo yaliyokuwamo yakanywewa na vumbi.

"Mjinga wewe!" Mwongeli akamzaba kofi la ubavuni, akavuta tena. Hakikutoka kitu. Ng'ombe alikuwa amezuia maziwa. Ndani ya nyumba Muthoka, mdogo wake mchanga, alikuwa akilia kwa njaa, maana homa ilikuwa imemkausha mama yao maziwa.

Mama, Kamene, aliyekuwa amesikia kisa cha Bedan na mtungi tangu mchana, alitoka akijishikilia ukutani. "Tulia! Mtoto alale njaa kwa ajili ya Bedan? Katune amevunja mtungi gani?"

"Mwaitu, mama yangu, nimesingiziwa! Na wewe sasa utaniambia hasira hasara, ninyamaze!"

"Nani amekuambia unyamaze? Nimesema utulie. Ukinyamaza, Bedan ameshinda. Mlete ndama."

Ndama alinyonya kidogo. Mwongeli akanawisha chuchu. Akaegemeza kichwa ubavuni mwa Katune, akavuta pumzi, akangoja. Polepole maziwa yakashuka.

"Mtungi ulipovunjika ulikuwa wapi?" mama aliuliza.

"Mtoni. Mwalimu mwenyewe alinituma kuchota maji."

"Ulimwambia?"

Mwongeli aliacha kukamua. Matusi yote yale, na neno hilo moja halikupata nafasi!

Kesho yake alisimama mbele ya darasa. Bedan alikuwa akichekelea, na Mwongeli alitamani kumrukia. Akavuta pumzi.

"Mwalimu, nisamehe kwa kukutukana. Lakini mtungi sikuvunja mimi. Wewe ndiye uliyenipa debe niende mtoni. Niliporudi nilikuta vigae."

Mwalimu Gichuru alikuna kidevu. "Kweli, nilikutuma. Hata mimi jana hasira ilinipofusha." Akageuka. "Bedan?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bedan alikiri huku akitazama miguu yake. Alivuliwa ukiranja papo hapo, akapewa debe la kuchotea maji mpaka muhula uishe. Mwongeli akaambiwa akae, ajiandae kwa mtihani.

Jioni alimsimulia mama yote, meno yakiwa bado yameumana. "Lakini Mwaitu, hasira bado ninayo!"

"Kaa nayo, ni yako," mama akasema, akimnywesha Muthoka maziwa. "Kutulia si kukosa hasira, mwanangu. Ni kutoiacha hasira ikusemee. Yenyewe haijui ulikuwa wapi mtungi ulipovunjika."