Saa ya Mzee Eliécer

Kila alasiri baada ya masomo, Yurani alipita kwenye maktaba ya mtaa, huko Manizales, kuitazama programu yake. Aliiandika mwenyewe katika klabu ya kompyuta: mtu akiazima kitabu, tarehe na saa hujijaza zenyewe. Mzee Eliécer, mkutubi, ndiye aliyeiwasha siku ya kwanza. Muda mfupi baadaye alianguka pale pale mezani, akafariki.

Tangu hapo kompyuta haikuzimwa. Na kila kitabu kilichoazimwa, hata cha leo, kilionyesha siku ile ile ya msiba, saa tisa na dakika kumi.

"Mzimu huo!" alinong'ona Duván, mwanafunzi mwenzake. "Mimi siazimi kitu humu, ng'o!"

Nywele zilimsisimka Yurani. Mstari wa programu unaosoma saa aliunakili tu bila kuuelewa, na alishuku kosa ni lake. Lakini shule nzima ilimwita injinia. Akanyamaza.

Aliyemnyima raha ni Bibi Nohemí, mjane wa mzee. Alikuja kila siku na chupa ya kahawa na vikombe viwili, akakaa mbele ya skrini.

"Eliécer wangu bado anaazimisha vitabu," alisema. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. "Hata usingizi sipati, mjukuu wangu. Naogopa ataniita nisisikie."

Yurani alishindwa kuvumilia. Akamwonyesha mwalimu Wilmar wa klabu ule mstari.

"Umeona mabano haya mwishoni?" mwalimu aliuliza. "Yanailazimisha programu itazame saa mara moja tu, inapowashwa, kisha irudie jibu hilo hilo. Yaondoe, itatazama saa kila kitabu kinapoazimwa."

"Mungu wangu! Mabano tu?"

"Mabano tu. Bibi utamwambia wewe mwenyewe."

Yurani alirudi maktabani, akaketi kando ya bibi.

"Bibi, si babu. Ni kosa langu. Nilishuku mapema, nikaogopa kuchekwa."

Machozi yalimtiririka Bibi Nohemí. "Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo, bibi. Nisamehe."

Yurani alifuta mabano, akaiwasha programu upya. Bibi akaazima kitabu cha mapishi. Skrini ikaonyesha tarehe ya leo, saa kumi na moja kasorobo.

"Kukosea hukosea kila mtu, mwanangu," alisema akijifunga shali. "Ila ukilificha kosa lako, kuna mwingine anakesha nalo. Mimi nimekesha vya kutosha. Sasa naenda nyumbani kumlilia mume wangu."