Fundo la Pindo

Kichubuzi hakikugusa kitu. Kilirusha mwanga tu, na kila mpigo wa mwanga uligeuza tabaka moja la kutu kuwa mvuke, tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu, bila kuipasha moto metali iliyo chini yake. Asubuhi liliingia donge jeusi. Kabla ya adhuhuri zilikuwa sarafu zimelala mojamoja kwenye trei, hii ina simba, ile ina kifaru. Kisha mashine hiyo ikasoma maandishi, ikapima mchanganyiko wa metali na kutaja mwaka wa kila moja.

Mhandisi Senkoro, aliyeiunda, aliridhika. Roboti zenye vitambuametali zilikuwa zikipekua mteremko ulio juu ya jiji la Same, mahali palipokuwa na kitongoji kabla ya maporomoko ya udongo kukifunika. Wiki hiyo ingelazwa hapo reli ya kurushia vyombo vya anga. Udongo wenye tindikali ulikuwa umekwisha kula mifupa, ndiyo maana sheria ilikubali ushahidi wa vitu. Ikithibitishwa kwamba mtu alifia mahali fulani, pale pangezungushiwa uzio kuwa kaburi lake, na reli ingepindishwa.

Bi Nakiete alifika mchana. Mlima ulipoporomoka alikuwa mtoto, yuko shuleni. Mama yake alikuwa njiani akitoka kuuza tangawizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine? Nilidhani nitakuta mzee mwenye ndevu."

"Ndevu zimenikataa, bibi."

"Zitakuja. Nionyeshe hizo pesa."

Aliinamia trei. "Zinang'aa kuliko zilipotoka benki. Mlizikuta zimetawanyika hivi?"

"Hapana. Zilikuwa zimegandamana, donge moja."

"Ndani ya nini? Kopo?"

"Hapakuwa na chombo. Ni mizizi tu iliyozizunguka."

Bibi alitoa mfukoni kanga moja iliyopauka. "Kanga huuzwa doti. Hii ilibaki kwenye kamba ya nguo siku ile, mwenzake mama alikuwa amejifunga. Wameniambia mashine yako inalinganisha rangi za uzi."

"Inalinganisha, ila lazima pawe na uzi wa pili."

"Basi niruhusu nizishike."

Alizikusanya sarafu kwenye pindo la kanga, akalisokota, akapiga fundo na kulikaza kwa meno. Alifanya hivyo bila kufikiri, huku akitazama dirishani.

Senkoro alizaliwa baada ya sarafu kufutwa. Alilipa kila kitu kwa kiganja, na hakuwahi kumwona mtu akifunga pesa kwenye nguo. Aliita picha ya donge kabla ya kuchubuliwa, akaiweka kando ya lile pindo. Lilikuwa na mviringo uleule, na mkia uleule uliosokotwa.

Alijua kilichotokea. Sarafu za chuma zikioza, kutu hupenya kitambaa na kukihifadhi, uzi kwa uzi. Na ni yeye aliyeifundisha mashine kwamba nyuzi zozote za mmea ni mizizi. Pamba ni mmea.

"Bibi, ile haikuwa mizizi."

Bi Nakiete aliisogelea picha. "Kanga yenyewe iko wapi sasa?"

"Imegeuka mvuke. Leo asubuhi."

"Hata kipande?"

"Kichubuzi hakibakizi kitu."

"Na picha hii?"

"Inaonyesha umbo. Sheria inataka uzi."

"Lakini wewe umeona."

"Nimeona, bibi."

"Na reli?"

Ratiba ya reli ilikuwa ukutani nyuma ya Senkoro, na bibi alijua kusoma.

Alifungua fundo, akazirudisha sarafu kwenye trei mojamoja, maana zilikuwa mali ya makumbusho. Kisha akalishika tena pindo la kanga, akalisokota likiwa tupu, akalifunga kwa fundo lilelile na kulikaza kwa meno.