Upepo wa Tairi la Mbele

Walimwita Wakili, kwa sababu hata salamu aliweza kuibishia. Lakini jioni hiyo, jua likiwa limeegemea mapaa, alisukuma baiskeli ya dada yake mpaka duka la vipuri bila neno mdomoni.

Jumamosi, waendesha baiskeli wenzake na dada huyo, sasa marehemu, wangepita barabara aliyofia ili kumkumbuka. Wakili aliapa kuwa mbele yao, na safari hii pampu ingekuwa mkobani. Miezi mitatu nyuma, dada alipata pancha ya tairi la nyuma, hana pampu, akasimama kando akipiga simu. Lori likamkuta hapo hapo. Taarifa ikaandikwa kwamba "alisimama vibaya." Kana kwamba kusimama nako kuna leseni! Dereva yuko zake kwake, anakula, anashiba, anakoroma.

Simu saba alipiga. Zote kwa Wakili. Na Wakili alikuwa jukwaani chuoni, kwenye mdahalo, simu ameizima.

"Shikamoo, mama. Nataka pampu ya safari, ya kujazia upepo."

"Marahaba." Mwenye duka, Mama Spoku, alifuta grisi mikononi. "Matairi mawili hayo. Upepo ni mmoja. Ukizidi ni pepo. Chuoni hawawafundishi?"

Wakili akacheka. Cheko la kwanza tangu msiba.

Mama Spoku akaweka pampu tatu mezani. "Hii ya mkono. Itakutoa jasho, lakini kichwa chake kinabana, ukikitoa hakipotezi kitu. Hii ya kichupa cha gesi: tairi moja, kwaheri. Hii ya betri, ndogo kama simu. Inasoma kipimo, ikishajaza inajizima. Ila mpira wake wa kupitishia upepo ni wa kusokota kwenye tairi. Ukiufungua, upepo unakuponyoka."

"Ya betri. Ina haraka, na haibishani."

"Tofauti na wewe."

Tairi la nyuma lilishawekwa tyubu mpya. Wakaijaribu pampu hapo hapo, likajaa. Trrrrr... kimya. Wakili akausogeza mpira kwenye tairi la mbele.

"Hilo alijaza nani?"

"Dada. Asubuhi ile ile."

"Miezi mitatu, na halijapungua?" Mama Spoku akalibonyeza, akaondoa kidole upesi. "Liache, mwanangu."

"Mama, hakuna tyubu isiyopungua. Hilo halina ubishi."

"Ndiyo maana nakwambia liache."

Wakili akasokota.

Kioo kidogo kikawaka. Arobaini. Arobaini na mbili. Arobaini. Arobaini na mbili...

Hakuwa amewasha pampu.

Namba zilipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha ikaja harufu. Mafuta ya nywele, yale ambayo dada aliyachanganya mwenyewe na kumkataza mtu kuyagusa. Kwenye mdomo wa tyubu kukasikika... ssss...

"Uko wapi?"

Wakili akapiga magoti. Kipimo kikasoma thelathini na moja.

"Kila neno linampunguza," Mama Spoku akanong'ona. "Ukiufungua mpira, anaponyoka mzima. Ukiwasha, unamchanganya na upepo wa barabarani. Sema naye. Sema haraka."

Msichana aliyezoea kuwanyamazisha walimu wake akalishika tairi kwa mikono miwili.

Ishirini na mbili.

"Nilizima simu, dada. Nilikuwa nabishana... na watu nisiowajua, juu ya jambo ambalo hata silikumbuki."

Kumi na tano. Ssss...

"Ulishinda?"

Bila hasira. Vile vile alivyozoea kumuuliza mlangoni, kila alipotoka kwenye mdahalo, kabla hata hajavua viatu.

"Nilishinda, dada. Lakini subiri, dada, nili..."

Sifuri.

Tairi likalala sakafuni kama nguo iliyovuliwa.

Wakili alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Spoku akamwacha alie, akavuta mlango wa duka nusu ili wapita njia wasichungulie.

"Nikilijaza tena, atasema?"

"Atasema atakayelijaza. Na utalijaza wewe."

Wakili akairudisha ya betri mezani, akachukua ya mkono.

Jumamosi asubuhi, mama yake alimkuta sebuleni, amechuchumaa kwenye tairi la mbele la baiskeli. Anasukuma pampu pigo moja, ananong'ona. Pigo moja, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Naacha maneno, mama. Dada hakupewa nafasi ya kuyamaliza yake."

"Unamwachia nani?"

Wakili akainua macho. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri uso. Kisha akaongeza pigo moja, akaichomoa pampu bila kupoteza hata chembe, akaitoa baiskeli barabarani.