Tusekile Mbele ya Hakimu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tusekile aliteka maji mferejini, akamwagilia kabichi za mama yake, kisha akanawa miguu na kuvaa gauni lake la shule. Mfereji ule ulichimbwa na babu zao. Ulishuka kutoka mlimani, ukapita ndani ya shamba kubwa la kahawa, ndipo ukafika kwenye vijishamba vya familia zilizoishi nje kidogo ya mji wa Mbeya. Nyingi zilikuwa familia za wajane, kama Severina, mama yake Tusekile.

Mwaka 1956, katikati ya kiangazi, maji yalikatika. Kampuni iliyonunua shamba la kahawa ilikuwa imejenga lango la mbao kwenye mfereji na kulifunga. Kabichi zilinyauka. Watoto wadogo walianza kuharisha kwa kunywa maji ya dimbwi la ng'ombe, na mdogo wake Tusekile nusura afe.

Wajane walikwenda kwa wakili kijana aliyeitwa Ahmadi Halfani, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo wa Iringa. Kazi iliyompa riziki ilikuwa ya makampuni: mikataba ya mbao, ya mabasi na ya maghala. Lakini alasiri aliuacha mlango wake wazi kwa watu wasio na mtu wa kuwasemea. Aliwasikiliza wajane, akafungua kesi.

Siku chache baadaye aliwaita tena ofisini. Tusekile alifuatana na mama yake na mjomba wake, Asukile.

"Kampuni imejibu," alisema wakili. "Wanadai lango halijawahi kufungwa, ila jua ndilo lililokausha maji. Nani kati yenu aliona lilivyofungwa?"

Severina alitazama sakafu. Asukile akakohoa. "Hatujui, Bwana Wakili. Hatujalikaribia lango lile hata siku moja."

Tusekile alishtuka. Yeye na mjomba walikwenda pamoja langoni. Mjomba alivunja kufuli kwa jiwe, akang'oa na ubao mmoja. Maji yalitiririka kidogo tu, kisha walinzi wakawafukuza na kulifunga lango upya. Kesi ilipoanza, kampuni iliondoa kufuli na kufungua lango ili kuficha ushahidi. Nyumbani walikubaliana wanyamaze, mjomba asije akafungwa.

Kabla wakili hajauliza tena, aliingia mkubwa wa kampuni ya mbao, mtu mnene mwenye kofia. Hakusalimia.

"Wakili, meneja wa shamba la kahawa ni rafiki yangu. Ukiendelea na kesi hii, kazi zetu tunampa mtu mwingine. Chagua: sisi au hawa."

Ahmadi alisimama. "Mkataba wenu nimeumaliza, na nimeufanya vizuri. Hawa nao nimewaahidi. Mlango uko nyuma yako, bwana."

Yule mtu alipotoka, Tusekile alijisikia vibaya. Wakili alikuwa amepoteza kazi kwa ajili yao, nao walikuwa wamekaa pale wakimdanganya.

"Lilifungwa kwa kufuli," alisema ghafla. "Nililiona. Mjomba alilivunja."

"Tusekile!" Asukile alifoka. "Unataka nikaoze jela?"

"Kaa, kaka," alisema wakili. "Bila mtoto huyu hatuna shahidi. Ukishtakiwa, nitakutetea. Lakini uongo sitautetea, uwe wao au wenu."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Meneja aliapa kwamba lango halikuwa na kufuli. Kisha Tusekile aliitwa. Alieleza yote. Wakili wa kampuni akamsogelea.

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Hakuna. Nilifundishwa kunyamaza, nikakataa."

Watu walicheka kwa chini. Wakili yule alikunja uso. "Unajua kwamba unampeleka mjomba wako jela?"

Tusekile alimtazama mjomba wake. "Najua mjomba alivunja kufuli. Najua pia mdogo wangu alikunywa maji machafu akaugua. Yote mawili ni kweli, na yote nitayasema."

Hapo Asukile aliinuka mwenyewe kutoka kwenye benchi. "Mtoto hasemi uongo, Bwana Hakimu. Ni mimi niliyelivunja."

Meneja aliruka kutoka kitini. "Akamatwe! Kufuli lile lilikuwa jipya kabisa!"

Hakimu alivua miwani.

"Kufuli gani, Bwana Meneja? Si umeapa hapa kwamba halikuwapo?"

Meneja alirudi kuketi. Hakimu aliamuru lango libaki wazi, kwa kuwa familia zile zilitumia maji yale tangu zamani. Asukile alionywa vikali, akaamriwa kurudishia ubao alioung'oa. Alikubali bila kunung'unika.

Nje ya mahakama Severina alimkumbatia binti yake, kisha akamgeukia wakili. "Tumekuharibia kazi, mwanangu."

"Kazi nitapata nyingine, mama. Kampuni zinazotaka wakili mkweli zipo." Ahmadi akainama mbele ya Tusekile. "Uongo wao tuliweza kuushinda. Uongo wetu ndio ungetumaliza. Ningesimama mle ndani mikono mitupu. Ukidai haki yako, sema kweli yote, hata ile inayokuuma. Hapo hata mwenye nguvu hana pa kukushika."

"Na wakilifunga lango tena?" Tusekile aliuliza.

"Utafanya nini?"

"Nitarudi," alijibu Tusekile, akiitazama milango ya mahakama. "Na nitasema tena."